Meza Fupi za Kichina: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya meza ya Kichina yenye kimo cha sentimita 29 na miguu minene inayoishia kwa kwato. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Hizi ndizo tulizoona zinafungua jambo kwa wengi.

Madukani hapa Nairobi meza hizi huitwa meza za kahawa za Kichina. Je, kwao nako zilikaa mbele ya kochi?
*Msomaji, Nairobi*

Hapana, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Meza hii haikukusudiwa kusimama sakafuni. Ilipandishwa juu ya kitu ambacho watu wenyewe walikuwa wamekipanda.

Kaskazini mwa China nyumba nyingi zilikuwa na *kang*, na vijijini bado zipo. Kang ni jukwaa la matofali au udongo linaloanzia ukuta mmoja hadi mwingine, kimo chake kufikia goti au kuzidi kidogo. Ndani lina njia za moshi. Jiko la kupikia liko upande mmoja, na moshi wake wa moto hupita chini ya jukwaa kabla ya kutokea kwenye bomba upande wa pili. Matofali hushika joto hilo usiku mzima. Juu hutandikwa mkeka wa matete na matandiko mazito, na familia hulala hapo. Kukicha matandiko hukunjwa na kupangwa pembeni, meza huwekwa katikati, na watu hukaa kitako kuizunguka: wengine wanakula, wengine wanashona, watoto wanaandika. Usiku meza huondolewa tena.

Kutokana na maisha hayo ya kuiweka na kuiondoa ndipo unaona kwa nini meza ina kimo cha sentimita 25 hadi 35 tu, na kwa nini uzito wake haumshindi mtu mmoja. Kusini, ambako kang si desturi, meza ya aina hiyohiyo iliwekwa juu ya kochi la mbao lenye kuta fupi pande tatu, liitwalo *luohan chuang*, katikati ya watu wawili. Juu yake palikuwa na chai, vitabu, au ubao wa mchezo wa weiqi.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama meza ina kimo sahihi, usipime kutoka sakafuni. Pima kutoka pale mtu anapokaa. Ukiiweka mbele ya kochi lenye kiti cha sentimita 45, uso wake utakuwa chini ya goti lako na utainama kila unapochukua kikombe. Si dhambi kuitumia hivyo, ila usishangae mgongo ukilalamika.

Nisaidie tofauti ya kang zhuo, kang ji na kang an. Vitabu vinanichanganya.
*Mwanafunzi wa usanifu, Dar es Salaam*

Angalia mambo mawili: uwiano wa uso, na mahali miguu ilipo.

*Kang zhuo* ni pana. Mtafiti Wang Shixiang (1914–2009), ambaye mpangilio wake ndio unaofuatwa na wengi, aliona kwamba urefu na upana wake hukaribia uwiano wa 3 kwa 2. Hii ndiyo meza ya katikati, ya kulia na kufanyia kazi. *Kang ji* na *kang an* ni nyembamba. Zilikaa pembezoni mwa kang, zikibeba taa, saa, vyombo vya maua, au vitabu. Kati ya hizo mbili, kang ji ina miguu kwenye kona kabisa, na baadhi ya kang ji ni mbao tatu tu, moja ya juu na mbili za kusimama. Kang an ina miguu iliyoingizwa ndani kidogo kutoka mwisho wa uso, hivyo uso unabaki ukining'inia pande zote mbili, na mara nyingine ncha zake hupinda juu.

Wauza samani hawazingatii majina haya. Wewe pima.

Je, Wachina walitumia meza fupi kwa sababu hawakuwa na viti?
*Mwalimu wa historia, Zanzibar*

Kwa kipindi kirefu, ndiyo. Hadi enzi ya Han na karne kadhaa baadaye watu walikaa juu ya mikeka, na samani zote zilifuata kimo hicho. Mwaka 1972, katika kaburi la mke wa mtawala wa Dai huko Mawangdui, Changsha, karne ya pili kabla ya Kristo, lilipatikana *an* lililopakwa laka, yaani utomvu wa mti, likiwa bado na sahani ndogo, vikombe na vijiti vya kulia vimepangwa juu yake. Kimo chake ni sentimita chache tu. Kwa mtu wa pwani lingefanana zaidi na sinia lenye vijiguu kuliko na meza: chakula kilipangwa jikoni, likabebwa zima, likawekwa mbele ya mlaji.

Viti vilianza kuenea polepole wakati wa enzi ya Tang (618–907), na kufikia enzi ya Song (960–1279) kukaa juu kulikuwa jambo la kawaida na meza nazo zikawa zimerefuka. Meza fupi ingeweza kufia hapo. Iliyoiokoa ni baridi ya kaskazini, maana penye kang watu waliendelea kukunja miguu. Wamanchu, waliotawala China kwa jina la Qing kuanzia 1644, walikuwa watu wa kang, na hata ndani ya kasri la Beijing kang zilijengwa chini ya madirisha na meza fupi zikawekwa juu yake. Hivyo meza fupi tunazoziona makumbusho leo, nyingi zikiwa za Qing na za Ming, enzi iliyoitangulia, ni za watu waliokuwa na viti na bado wakapenda kukaa kitako.

Nilimtengenezea mteja meza ya mninga yenye uso wa sentimita 90 kwa 60. Mbao tatu nimeziunga kwa gundi, nikazipiga skrubu kwenye fremu chini. Baada ya miezi michache kwenye chumba cha kiyoyozi imepasuka katikati. Mbao zilikuwa mbichi, au kuna siri ya Wachina?
*Fundi seremala, Keko, Dar es Salaam*

Fundi, huenda mbao hazikukauka vya kutosha, lakini hata zingekauka, skrubu zingeipasua. Mbao hutanuka na kusinyaa kukatiza nyuzi zake, wakati kufuata nyuzi karibu haibadiliki. Uso wa sentimita 50 za mbao ngumu unaweza kucheza milimita 3 hadi 5 kati ya masika na kiangazi. Mninga hucheza kidogo kuliko mbao nyingi, na kiyoyozi ni kiangazi kisichoisha. Wewe umeufunga uso pande zote. Uliposinyaa haukuwa na pa kwenda, ukapasuka mahali dhaifu.

Jawabu la Wachina ni uso unaoelea ndani ya fremu. Tuchukue vipimo vya meza yako, 90 kwa 60, kimo 29.

Fremu ni mbao nne zenye upana wa sentimita 7.5 na unene wa 2.8, zinazokutana kwa kona ya nyuzi 45. Mbao mbili ndefu ndizo zenye ndimi, na zile fupi ndizo zenye matundu. Ukingo wa ndani wa fremu chimba mfereji wa upana wa milimita 6 na kina cha milimita 12.

Ubao wa kati uwe na unene wa milimita 12, nyuzi zikienda na urefu wa meza. Kingo zake zipunguze zibaki na ulimi wa milimita 6 kasoro kidogo, uingie mferejini kwa wepesi bila kugongwa. Sasa sikiliza vizuri: kwenye pande ndefu, ambako ubao utacheza, acha nafasi ndani ya mfereji. Ukiutengeneza wakati wa kiangazi, acha milimita 3 kila upande ili masika yapate pa kuingia. Ukiutengeneza wakati wa masika, milimita 1 inatosha, kwa sababu kuanzia hapo utasinyaa tu, na hapo hakikisha ulimi una urefu wa kutosha usichomoke. Pande fupi unaweza kuzibana. Gundi isiguse ubao huu popote. Gundi ni ya kona za fremu peke yake.

Ubao wa milimita 12 utabonyea ukiegemewa, kwa hiyo chini yake hupita papi (mbao nyembamba) mbili au tatu kukatiza upana. Kila upapi huingia kwenye mfereji uliochongwa kwa mtindo wa mkia wa njiwa, mpana ndani na mwembamba juu, ili uushike ubao usipinde na wakati huohuo uuache uteleze. Mfereji huo ufanye mwembamba kidogo upande mmoja, upapi nao hivyohivyo, uusukume mpaka ukaze. Kina chake kisizidi theluthi moja ya unene wa ubao. Ncha za upapi huingia kwenye matundu ya mbao ndefu za fremu. Hapa tena, hakuna gundi wala skrubu.

Chini ya fremu huja kiuno, upapi wa kimo cha sentimita 2 ulioingizwa ndani sentimita moja hivi, halafu pindo, yaani ubao unaounganisha miguu chini ya uso, la kimo cha sentimita 5. Nyuzi za pindo ziende na urefu wake. Tumeona mapindo yaliyokatwa nyuzi zikisimama kwa sababu fundi alitaka kumaliza kipande kilichobaki. Hayo huvunjika kama biskuti siku meza inaponyanyuliwa kwa kushikwa pindo.

Miguu ikate kutoka mti wa sentimita 6 kwa 6 ikiwa ni ya kunyooka yenye kwato zinazotazama ndani. Juu ya kila mguu kuna ndimi mbili, moja ndefu na moja fupi. Ndefu huingia kwenye ubao mrefu wa fremu, fupi kwenye ubao mfupi. Sababu yake ni kwamba ndani ya ubao mfupi tayari umepita ulimi wa kona ya fremu, na ndimi mbili ndefu zingegongana humo. Mafundi wanaosahau hili huukata ulimi wa kona ili wapate nafasi, na kona hiyo ndiyo huachia kwanza. Pindo hukutana na mguu kwa kona ya nyuzi 45 kwa nje, huku nyuma kukiwa na ulimi wake. Wachongaji bora wa Ming waliongeza kwenye mguu kigingi cha mkia wa njiwa ambacho pindo huteremkia kutoka juu likajifunga. Kama mkono wako haujazoea, ulimi na tundu vyatosha.

Ukitaka miguu iliyopinda mara tatu, kama ile ya pichani, andaa mti wa sentimita 9 kwa 9 na uchague wenye nyuzi zilizonyooka. Mpindo hukata nyuzi, na pale zinapokatwa mguu hubaki unashikwa na nyuzi fupi. Mguu mfupi wa sentimita 20 huvumilia, wa sentimita 75 mara nyingi huvunjika kwenye kifundo. Hii ni sababu moja ya umbo hilo kuonekana zaidi kwenye meza fupi na vitanda.

Mwisho, chini ya uso pake kitu kilekile ulichopaka juu. Upande mmoja ukibaki mtupu hunywa unyevu peke yake na ubao hupinda. Wachina wa kale walifunika upande wa chini kwa laka iliyochanganywa na majivu, na kitambaa cha rami ndani yake. Ukiigeuza meza ya zamani mara nyingi utakuta tabaka hilo jeusi limechanikachanika.

Meza ya vipimo hivi kwa mninga mkavu itakuwa na kilo 11 hivi. Ikizidi 15, umeacha mbao nene mahali pasipohitajika.

Nataka kununua meza fupi inayosemekana ni ya Qing. Nitajuaje kama si meza ndefu iliyokatwa miguu?
*Msomaji, Mombasa*

Swali zuri, kwa sababu meza nyingi zimekatwa ili ziuzwe kwa watu wenye makochi. Igeuze. Mguu uliokatwa huishia ghafla, bila kwato wala upanuko, na unene wake ni uleule juu hadi chini. Nyuzi za mwisho zikiwa za rangi changa wakati sehemu nyingine imekuwa nyeusi, msumeno umepita karibuni. Zikipakwa rangi nyeusi peke yake, jiulize zinafichwa kwa nini.

Halafu pima. Uso wa sentimita 100 kwa 100 juu ya miguu ya 40 ulikuwa meza ya kulia ya watu wanane. Angalia papi zinazofunga miguu: kwenye meza ndefu hukaa karibu na uso, na miguu ikikatwa zinabaki zimesogelea sakafu hadi meza inaonekana imezama. Tafuta pia matundu yaliyozibwa kwa vipande vya mbao. Kwenye meza za miguu iliyoingizwa ndani, miguu hutanuka kidogo ikishuka, kwa hiyo pima nafasi kati ya miguu juu na chini. Meza fupi iliyotengenezwa hivyo tangu mwanzo huwa na mtanuko unaolingana na kimo chake.

Tahadhari moja. Iko aina ya meza ndefu ambayo sehemu yake ya juu ni meza fupi kamili yenye miguu iliyopinda, na chini ya kila kwato huchomekwa mguu mrefu wa mviringo. Baadhi ziliweza kuchomolewa, zikatumika ndefu chumbani na fupi juu ya kang. Ukikuta tundu safi la mraba chini ya kwato, usiikatae meza kwa haraka. Huenda umekuta kitu cha nadra kilichopoteza miguu yake ya chini.

Huku kwetu magogo ya mkurungu yamekuwa yakinunuliwa kwenda China. Je, samani hizo za kale zilitengenezwa kwa miti yetu?
*Msomaji, Tabora*

Za kale, hapana. Meza bora za mwisho wa Ming zilitengenezwa kwa *huanghuali* (Dalbergia odorifera) wa kisiwa cha Hainan, na baadaye *zitan* (Pterocarpus santalinus) wa kusini mwa India. Miti ya nje iliongezeka baada ya 1567, marufuku ya biashara ya baharini ilipolegezwa. Nyumba za kawaida za kaskazini zilitumia mti wa elmi, ambao ni mwepesi na uko karibu. Tusidharau meza za elmi. Nyingi zina umbo safi kuliko zile za zitan zilizojaa nakshi.

Mkurungu (Pterocarpus tinctorius) ni ndugu wa zitan, na hiyo ndiyo sababu ya kutafutwa kwake. Tangu 2019 umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, maana yake gogo haliruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali. Mpingo nao umo kwenye orodha rasmi ya Kichina ya mbao za *hongmu* (“mbao nyekundu”, zile ngumu za samani bora), iliyotolewa 2000 na kurekebishwa 2017. Kwa meza lakini mpingo ni shida: magogo yake ni membamba, yamejikunja na mara nyingi yana uwazi ndani, huwezi kupata ubao mpana. Na meza tuliyompimia fundi wa Keko ingefika kilo 20.

Litakalowashangaza wengi ni kwamba mjohoro, huo wa kivuli na kuni, umo pia kwenye orodha hiyo. Kiini chake cheusi chenye michirizi ya kahawia huhesabiwa pamoja na mbao ziitwazo bawa la kuku. Ukiupasua vaa barakoa, vumbi lake huwasha macho na pua.

Assalaam alaykum. Majilisi yetu ina magodoro ya kukalia yenye unene wa sentimita 15. Meza ya 29 itafaa kwa kahawa na sinia la wali?
*Mama wa nyumba, Muscat*

Waalaykumu ssalaam, mama. Kwa kahawa na tende itafaa, kwa sinia tunasita.

Godoro la 15 likikaliwa hubonyea hadi 10 hivi, wakati kwenye kang mkaaji yuko karibu sawa na miguu ya meza. Kwa hiyo uongezee meza karibu tofauti hiyo, agiza ya 36 hadi 38. Mwambie fundi asiongeze pindo, aongeze mguu tu, ili magoti yapate nafasi chini.

Kuhusu sinia, angalia kingo za uso. Meza nyingi za kulia za Kichina zina mwinuko mdogo kuzunguka ukingo, wa kuzuia mchuzi usimwagikie wageni. Sinia pana kuliko nafasi ya ndani litakaa juu ya mwinuko huo na kuyumba. Agiza uso mtupu, na upana uzidi kitako cha sinia kwa sentimita 5 kila upande. Na badala ya meza moja ya mita 2, tengeneza mbili za 90. Meza fupi ndefu sana haimruhusu mtu wa katikati kutoka bila kuwainua wenzake.

Kikombe cha chai kimeacha duara jeupe kwenye meza yangu ya laka. Nifanyeje?
*Msomaji, Kampala*

Duara jeupe lina maana unyevu umenaswa ndani ya mpako, haujafika kwenye mbao. Liache likauke siku kadhaa mbali na jua, kisha sugua taratibu kwa kitambaa laini chenye nta. Likiwa jeusi, maji yameingia kwenye mbao na kazi ni ya fundi.

Ila duara hilo linatia shaka kuhusu laka yenyewe. Laka halisi ya Kichina ni utomvu wa mti, na ikishakomaa huvumilia maji ya moto. Inayoacha duara jeupe kirahisi kwa kawaida ni vanishi au shelaki. Ukiamua kuipaka upya kwa laka halisi, mpakaji avae glavu: mti huo ni wa jamii moja na mkorosho, na utomvu wake mbichi hubabua ngozi kama mafuta ya ganda la korosho. Chumba nacho kisiwe kikavu, kwa sababu laka hiyo hukomaa kwa kuvuta unyevu. Kwenye kiyoyozi itabaki inanata.